Mwili Unasema, Karatasi Hakuna: Namna ya Kuomba Nafuu Kazini



Juma lililopita mkutano wetu wa hapa Kasomeno ulichelewa kuisha. Hesabu ya likelemba ilikuwa imefungwa, na wengine walikwisha kubeba watoto mgongoni ili wafike nyumbani kabla ya giza, ndipo mgeni mmoja akaomba neno. Ni binti wa hapa kwetu, anafanya kazi Lubumbashi, alikuwa amekuja kwa matanga ya mjomba wake. Akauliza: "Wamama, kama mwili unakuuma na munganga haoni kitu, unaweza kuomba nini kazini?"

Tukakaa tena chini.

Alituambia kwamba anauza katika magazini moja ya mjini. Anasimama toka saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Siku tatu au nne za kila mwezi, akiwa mwezini, maumivu ya tumbo na kiuno yanamkamata hata miguu inatetemeka. Alikwenda hospitali mara tatu. Mara ya kwanza walimpa dawa za palu. Mara ya pili walipima damu na mkojo, wakasema kila kitu ni kizuri. Mara ya tatu wakamwambia: "Ukizaa itapita." Naye amekwisha kuzaa wawili.

Alipomwomba shefu wake ruhusa ya kuketi kidogo, jibu lilikuwa fupi: "Karatasi ya munganga iko wapi?" Hana. Basi akaanza kujificha katika depo na kuketi juu ya katoni za sabuni. Siku moja wakamkuta. Sasa ana barua ya onyo, na anaogopa ya pili.

"Siyo uvivu," alisema, na sauti ikakatika.

Hakuna aliyecheka. Mmoja baada ya mwingine tulianza kusema yetu. Mwalimu mmoja alisema masikio yake yanavuma tangu mwaka ule alipotibiwa palu kali kwa kinini, na darasa lake liko upande wa barabara, pale malori ya Kasenga yanapopita. Mama mwingine, mpishi, kichwa kinampasuka upande mmoja kila moshi wa makaa unapozidi. Mwingine alisema kwa sauti ndogo kwamba tangu alipozaa mtoto wa mwisho hawezi kuzuia mkojo kwa saa nyingi, na kazini kwake choo kina ufunguo ambao anaushika mwanaume. Wote hao wanafanya kazi. Wote hawana karatasi.

Wazee walisema: mficha uchi hazai. Ndiyo sababu tumeamua kuliandika jambo hili katika gazeti letu dogo, ili kila kikundi kilizungumze.

Kwa nini karatasi inakosekana

Watu wengi wanafikiri kwamba kama ugonjwa ni wa kweli, munganga atauona siku ileile na kuuandika jina. Haiko hivyo.

Tuchukue maumivu ya mwezi yanayozidi. Kuna ugonjwa unaoitwa endometriozi: nyama inayofanana na ile ya ndani ya kizazi inaota nje ya kizazi, na inaleta maumivu makali. Shirika la Afya Duniani linasema unawapata karibu wanawake 10 kwa kila 100 walio katika umri wa kuzaa, yaani karibu milioni 190 duniani. Lakini hauonekani katika kipimo cha damu. Kwa miaka mingi njia ya kuuhakikisha ilikuwa kuingiza kamera ndogo tumboni kwa upasuaji. Hata katika nchi tajiri wanawake wanangoja miaka kabla ya kupewa jina la kinachowauma. Sembuse sisi, ambao kufika kwa munganga wa wanawake ni kupanda gari mpaka Lubumbashi, kulipa safari, kulipa fishi, kulipa vipimo, na kulala kwa ndugu?

Maumivu ya kichwa cha upande mmoja, yale waganga wanayaita migreni, nayo hayana kipimo cha maabara. Munganga anayatambua kwa kukuuliza na kukusikiliza vizuri. Asipokuwa na nafasi ya kusikiliza, utatoka na parasetamoli tu. Masikio yanataka mashine ya kupima usikivu, na mashine hiyo haiko katika kila kituo cha afya. Huzuni nzito inayowapata wamama wengine baada ya kuzaa haionekani katika damu wala katika picha, na mama anaogopa kuisema asije akaitwa kichaa.

Kwa hiyo kukosa karatasi si kusema uongo. Mara nyingi ni kukosa franki, kukosa mashine, au kukosa munganga mwenye muda.

Sheria inasema nini

Tulisoma Sheria ya Kazi ya nchi yetu, ile nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Tuliisoma pamoja na dada mmoja anayefahamu Kifaransa cha sheria, ibara kwa ibara. Tuliona kwamba mambo yako ya namna tatu.

Namna ya kwanza ni haki ambazo mama anapewa bila kuonyesha ugonjwa wowote. Mama anayenyonyesha ana haki ya mapumziko mawili kwa siku, kila moja nusu saa, ili amnyonyeshe mtoto, na muda huo unalipwa kama kazi. Hakuna anayesema "lete kwanza karatasi ya munganga." Tena, mwajiri haruhusiwi kumtaka mwanamke anayeomba kazi apimwe mimba au alete hati ya kuonyesha kama ana mimba au hana, isipokuwa kwa kazi zile ambazo zimekatazwa kwa wenye mimba na wanaonyonyesha, au zinazoweza kumdhuru mama na mtoto. Na mama anayejifungua ana haki ya majuma 14 ya likizo, na theluthi mbili za mshahara wake. Wengi kati yetu hawakujua hata hili la nusu saa mbili. Mmoja alisema alimwachisha mtoto ziwa katika mwezi wa tano kwa sababu ya kazi. Tulinyamaza kwa muda.

Namna ya pili ni haki zinazodai neno la munganga. Mama mwenye mimba ambayo ina hatari anaweza kusimamisha kazi bila mkataba wake kuvunjika, lakini hatari hiyo lazima ithibitishwe na munganga. Ukilala nyumbani kwa ugonjwa, nako karatasi inatakiwa. Hapa usijaribu kupita bila hati.

Namna ya tatu ni yale yote yaliyo katikati: kiti, zamu, choo, darasa la upande mwingine, kunywa maji, kutobeba mzigo kwa siku tatu. Mambo hayo madogo hayakuandikwa moja moja katika ile sheria. Hakuna anayekupa kwa amri, lakini pia hakuna anayekukataza kuyaomba, wala hakuna ibara inayomkataza shefu kukubali bila hati. Hapo ndipo mdomo wako unafanya kazi.

Na tusifikiri kwamba kumwamini mama bila karatasi ni ndoto. Vukeni Luapula tu. Huko Zambia, Sheria ya Ajira ya mwaka 2019 inampa kila mwanamke aliyeajiriwa siku moja ya kukaa nyumbani kila mwezi, bila kuleta hati ya munganga na bila kumwambia mwajiri sababu. Watu wa huko wanaiita Siku ya Mama, na hata asiyezaa anaipata. Dada zetu wa ng'ambo, ambao tunauziana samaki nao, wanayo haki hiyo. Hispania nayo ilipitisha sheria ya maumivu ya mwezi katika mwaka 2023, lakini kule wanadai hati ya munganga. Kwa hiyo kila nchi inachagua yake, na jirani yetu alichagua kuamini.

Kuna pia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 2015, na sheria yetu wenyewe nambari 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inayowalinda watu wanaoishi na ulemavu. Ule mkataba unaeleza jambo zuri: nafuu kazini ni badiliko linalohitajika na linalofaa, lisilomtwika mwajiri mzigo kupita kiasi. Hata wewe usiyejihesabu kuwa mlemavu, chukua kipimo hicho unapoomba. Je, ninachoomba kinahitajika? Kinafaa? Mzigo wake kwa shefu ni mdogo?

Namna ya kuomba

Yule binti wa Lubumbashi alikaa nasi siku mbili zaidi. Tulitengeneza naye ombi lake hatua kwa hatua. Tunaziandika hapa ili zimsaidie mwingine.

Kwanza, andika siku zako. Chukua kaye ya mtoto iliyobaki kurasa. Kwa mwezi mmoja au miwili andika tarehe, saa, kazi uliyokuwa unafanya, maumivu yalifikia wapi, na kitu kilichokusaidia. Binti yetu aliona kwamba siku mbaya ni tatu tu kwa mwezi, na kwamba akiketi dakika kumi kila saa mbili anafika jioni. Kabla ya kuandika alikuwa anasema "naumwa kila wakati." Shefu hawezi kufanya kitu na "kila wakati." Na siku ya kukutana na munganga, kaye hiyo itamwonyesha yale ambayo vipimo havikuonyesha.

Pili, sema kazi, usiseme ugonjwa. Kama huna jina la ugonjwa, usitafute la kuazima. Usiseme "nina kizazi kibaya" kwa sababu jirani alisema hivyo. Sema unachoweza na usichoweza: "Naweza kuuza siku nzima. Kusimama bila kuketi saa tatu mfululizo, hapo siwezi." Ugonjwa ni siri yako, kazi ndiyo inayomhusu shefu.

Tatu, omba kitu kimoja, kidogo, chenye mwisho. Usiende na orodha. Omba kwa majaribio: "Tujaribu mwezi mmoja, kisha utaangalia mwenyewe kama mauzo yamepungua." Shefu anaogopa kufungua mlango ambao hataweza kuufunga. Ukimwonyesha tarehe ya mwisho, woga wake unapungua. Tena mwambie utalipa vipi: kufika mapema siku nyingine, au kubadilishana zamu na mwenzako ambaye amekwisha kukubali.

Nne, chagua saa na mtu. Usiombe mbele ya wateja, wala siku ya kupokea bidhaa, wala wakati umekasirika. Kama mahali pako pa kazi pana mjumbe wa sendika, mwendee kwanza, umwombe muingie pamoja. Kama shefu ni mwanaume na jambo ni la kike, una ruhusa ya kusema tu: "Ni jambo la afya ya wanawake, sitaki kulieleza zaidi." Mtu mwenye adabu atasimama hapo.

Tano, weka katika maandishi. Maneno ya mdomo yanasahaulika, hasa shefu akibadilishwa. Andika barua fupi, kwa Kifaransa kama ndiyo lugha ya ofisi. Mtoto anayesoma sekondari anaweza kukusaidia. Toa nakala mbili, na ile yako waisaini kuonyesha wameipokea. Barua ya binti yetu ilikuwa hivi:

"Shefu, kwa heshima. Mimi ni muuzaji katika magazini yenu, na kazi yangu naipenda. Kwa siku tatu hivi za kila mwezi, kusimama muda mrefu kunaniletea maumivu makali. Naendelea kutafuta matibabu, lakini bado sijapata hati. Naomba ruhusa ya kuketi kwenye tabure nyuma ya meza ya kuuzia, wakati hakuna mteja, kwa siku hizo tu. Naomba tujaribu miezi miwili, kisha tuangalie pamoja. Mteja akiingia nitasimama. Asante."

Haikuzidi nusu ukurasa. Haina uongo hata mmoja. Haimlaumu mtu.

Sita, usiache kutafuta munganga. Kuomba bila karatasi ni daraja la kuvukia, nawe usijenge nyumba juu ya daraja. Maumivu yanayoongezeka, damu nyingi, mkojo unaotoka bila kuzuiwa, hayo yana matibabu. Yule mama yetu wa mkojo tulimwambia wazi: wapo wamama waliojeruhiwa wakati wa kuzaa, wakaishi na aibu miaka mingi, kumbe upasuaji ungewaponya. Ufunguo wa choo utamsaidia leo, lakini hospitali ndiyo itakayomsaidia kesho. Na mwenye huzuni isiyoisha, pale Lubumbashi kuna kituo cha Dr Joseph Guislain kinachotibu mambo ya akili. Kwenda huko si kuwa kichaa, kama vile kwenda kwa munganga wa meno si kukosa meno.

Tena kumbukeni: Sheria ya Kazi inamdai mwajiri amtibu mfanyakazi wake na familia yake. Kwa hiyo anayekuambia "lete karatasi," muulize kwa upole: "Sawa, shefu. Nitapata lini barua ya kwenda hospitali kwa gharama ya kazi?" Na ukifika kwa munganga, hata asipojua jina la ugonjwa, mwombe aandike kile mwili wako hauwezi: asibebe mizigo mizito, apumzike kila baada ya muda fulani. Munganga anaweza kuandika hivyo bila kutaja ugonjwa wowote, kwa sababu siri ya mgonjwa ni wajibu wake.

Mambo ya kukwepa

Usinunue karatasi. Tunajua wapi zinauzwa na kwa bei gani, tusidanganyane. Karatasi ya uongo ikigunduliwa, shefu anapata sababu nzuri ya kukufukuza, na mama atakayekuja baada yako na karatasi ya kweli hataaminiwa.

Usikose kazi bila kusema. Siku moja ya kutoweka inaharibu mwaka mzima wa uaminifu.

Na usiombe kwa niaba ya mwenzako bila yeye kujua. Siri ya mwanamke ni yake. Hata sisi wa chama hatuna ruhusa ya kuitoa mkutanoni na kuipeleka sokoni.

Wakikataa

Hatutawadanganya kwamba kila ombi linakubaliwa. Mwenzetu mmoja, mfagiaji, alikuwa anafanya kazi ya siku kwa siku, ile tunayoiita jurnalie. Mgongo wake hauwezi ndoo mbili za maji kwa mara moja. Aliomba abebe moja moja. Kesho yake jina lake halikuitwa mlangoni, na kesho kutwa vilevile. Alipoteza kazi kwa sababu ya ndoo moja.

Ilichukua muda kabla hatujajua kwamba Sheria ya Kazi ina neno juu ya jurnalie. Mtu akishafanya siku 22 katika miezi miwili, kisha akachukuliwa tena kabla ya miezi hiyo miwili kwisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho, na hawezi kuachwa hivihivi kama kiatu kilichochanika. Mwenzetu alikuwa amefanya zaidi ya siku hizo, lakini hakuwa ameziandika mahali popote. Ndiyo maana tunasema: kaye, kaye, kaye. Andika siku ulizofanya kazi kama unavyoandika deni la mtu.

Shefu akikataa, kuna njia. Mjumbe wa sendika kwanza, kama yupo. Kisha mkaguzi wa kazi, yule tunayemwita enspektere. Ugomvi wa mfanyakazi na mwajiri lazima upite kwanza mbele ya mkaguzi ili wapatanishwe, kabla ya kufika mahakama ya kazi. Nenda na nakala yako iliyosainiwa na kaye yako. Walimu walio wafanyakazi wa kudumu wa Serikali hawako chini ya Sheria hii ya Kazi. Wao wana kanuni zao, na njia yao inaanzia kwa direktere wa shule. Yule mwalimu wetu wa masikio alianzia hapo. Hakutaja ugonjwa. Alisema: "Wanafunzi wananijibu na mimi siwasikii, kwa sababu ya malori. Naomba tubadilishane darasa na mwenzangu wa nyuma, amekubali." Direktere alifikiri siku mbili, akakubali. Badiliko hilo halikugharimu hata franki moja.

Sisi nasi ni mashefu

Tulipofika hapo, mama mmoja mzee wa chama, ambaye alikuwa kimya toka mwanzo, akasema neno ambalo lilitugeuza. "Ninyi mnasema mashefu, mashefu. Na yule msichana anayefua nguo nyumbani kwako, shefu wake ni nani?"

Tulitazamana. Wengi wetu tuna msichana wa kutusaidia nyumbani, au kijana wa kubeba samaki, au mama wa kutulimia. Mmoja wetu alikiri palepale kwamba mwezi uliopita msichana wake alisema tumbo linamuuma, naye akamjibu: "Kila mwezi wimbo ni huohuo." Aliyesema hivyo ni mama mwema, anayependa watu. Lakini alisema maneno yaleyale ambayo shefu wa Lubumbashi alimwambia binti yetu, na yeye hata karatasi hakuuliza.

Kazi ya nyumbani ni kazi. Kukosa mkataba ulioandikwa hakumwondolei msichana huyo haki zake. Kwa hiyo tulikubaliana mambo matatu, na tunaomba kila kikundi kiyafikirie. Kila mwenye mfanyakazi nyumbani amwambie yeye kwanza, bila kungoja aombwe: "Siku mwili ukikataa, uniambie, tutapanga kazi." Siku hizo apewe kazi ya kuketi, kama kuchambua maharage au kupasi, na ndoo zingoje. Na mshahara wake usikatwe kwa hilo.

Hatuwezi kudai mjini tunachokataa jikoni kwetu.

Habari za mwisho

Binti yetu alirudi Lubumbashi siku ya Jumatatu, na barua yake ndani ya kaye. Siku ya Alhamisi alitupigia simu. Shefu alisoma, akaguna, akauliza: "Ni nani aliyekuandikia?" Akamjibu: "Ni mimi na mama zangu." Tabure ameipata, kwa mwezi mmoja na si miwili kama alivyoomba, na si wakati wa asubuhi ambapo wateja ni wengi. Barua ya onyo haikuondolewa. Siyo ushindi wa kupigia vigelegele. Lakini juma hili hakuketi depo, aliketi mahali ambapo watu wanamwona. Na wenzake wawili wamekwisha kumuuliza alisema maneno gani.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Ndiyo sababu chama kimeamua kwamba mama yeyote anayetaka kuandika ombi la namna hii asiandike peke yake. Aje mapema siku ya mkutano, kabla ya hesabu ya likelemba, tukae naye wawili au watatu. Siri yake itabaki hapo.

Kwa vikundi, haya ndiyo maswali ya kuzungumza juma hili:

Ni kitu gani kimoja kidogo kingekusaidia kufanya kazi yako vizuri zaidi, nawe hujawahi kukiomba?

Nani kati yetu ananyonyesha na hakuwa anajua nusu saa zake mbili? Atamwambia nani kesho?

Na nyumbani kwako, nani anafanya kazi huku anaumwa, na anaogopa kukuambia?